Bastola ya Milio Mitatu

Ndoto ilikuwa ileile. Royce alitangulia kwenye majani makavu ya vuli, kofia imemwangukia kisogoni, bastola mkononi ikitazama chini. Verlin alimfuata nyuma, na humo ndotoni alikuwa na miaka tisa, ingawa magoti yalikuwa ya mzee wa sabini na moja na yaliuma vilevile. Kisha kaka yake akasimama, akaweka kidole gumba juu ya nyundo ya bastola, akaivuta nyuma polepole. Ta, ta, ta. Milio mitatu. Hapo Royce hugeuka na kucheka, na Verlin huamka naye akicheka, mto umelowa machozi.

Miaka nenda miaka rudi aliota hivyo na hakuwa na malalamiko. Mtu na marehemu wake, heri wakutane usingizini kuliko wasikutane kabisa. Lakini tangu theluji ya mwaka ule ilipoyeyuka, ndoto ilianza kuharibika. Royce alivuta nyundo, kidole kikafika mwisho, na hapakusikika kitu. Aligeuka, mdomo ukafunguka kwa kicheko, na kicheko nacho hakikusikika. Majani yaliinama kwa upepo usio na sauti, na Verlin akaamka ameushika ubao wa kitanda.

Sababu aliijua. Daktari wa masikio alikuwa amemwonyesha karatasi yenye mstari unaoteremka kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni.

"Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, mzee," alisema. "Ndege. Saa ya ukutani. Kijiko kwenye kikombe."

Verlin hakuuliza habari za ndege. "Na chuma? Chuma kidogo kinachogusa chuma kingine?"

"Hicho kitakwenda mapema. Mwaka mmoja, labda miwili. Vifaa hivi vya kusikia vitakusaidia kwa sasa."

Hayo ndiyo malipo ya miaka arobaini juu ya trekta bila kuziba masikio. Alivaa vile vifaa akarudi nyumbani, na kuanzia siku hiyo hakuwa na neno jingine kichwani: kabla masikio hayajafunga mlango, lazima aisikie tena ile milio mitatu, macho yakiwa wazi.

Bastola ilikuwa ya babu yao, ya silinda, mpini wa mti wa jozi, chuma kimepauka kwa kuchomolewa na kurudishwa kwenye ala. Bibi Thora aliwapa wajukuu wote wawili siku moja, akawaambia ni yao pamoja, na asitokee mjinga wa kutaka kuigawa. Nyundo ya bastola ya aina ile ikivutwa nyuma hulia mara nne. Watu wa mashariki ya Montana hawafundishwi jambo hilo, wanalijua kama kila mtu anavyoujua mlango wa jikoni kwao unavyolia. Ya Royce na Verlin ililia mara tatu. Mlio wa kwanza haukuwepo, palikuwa na nafasi yake tu.

Nafasi hiyo ilipatikana Septemba moja, Royce akiwa na miaka kumi na moja. Alikuwa akiruka jiwe hadi jiwe kilimani, bastola ikamchomoka kiunoni ikaanguka juu ya mwamba, nyundo ikatangulia. Ndani yake kuna jino dogo linaloishika nyundo hatua ya kwanza, nalo likakatika. Mtutu wakati huo ulikuwa unamtazama Royce chini ya kidevu. Verlin aliona kila kitu, na mpaka leo angeweza kukwambia wingu lilikuwa wapi.

Hakuna kilicholipuka. Kilichomwokoa mtoto ni sheria ya Bibi Thora: silinda ina matundu sita, wewe unaweka risasi tano, na nyundo unailaza juu ya tundu tupu. "Tano," aliwaambia kila walipotoka, kama wanawake wengine wanavyowakumbusha watoto koti. "Sita ni ya wajinga na marehemu." Jioni ile walirudi nyuso zimewaparara. Bibi alifungua silinda, akahesabu kwa kidole, akaweka birika jikoni. Hakumchapa mtu. Aliwapa kahawa, ya kwanza maishani mwao, maziwa mengi kuliko kahawa.

Jino halikutengenezwa. Royce hakutaka. Kila alipovuta nyundo aliinua kidole cha mkono wa pili pale penye ukimya. "Umesikia?" alimwambia mdogo wake. "Hapo ndipo sikufa." Kisha ta, ta, ta, na wote wawili wanakufa kwa kucheka.

Royce alikufa akiwa na miaka ishirini na miwili. Gari liliteleza kwenye daraja lenye barafu, mwezi wa pili. Bastola haikuhusika hata kidogo, na labda ndiyo sababu Verlin aliichukia. Aliivuta nyundo, nayo ikamwambia kwa ule ukimya wake kwamba Royce hakufa, wakati yeye alikuwa ametoka kumfukia. Chuma kinaweza kuwa mwongo kuliko binadamu. Mwezi wa nne alikwenda nayo Sandrock, kwa Orval Munsey fundi bastola, akaiuza.

Na aliiuza vibaya. Upande ule, kumuuzia mtu bastola yenye jino lililokatika bila kumwambia ni sawa na kumuuzia farasi anayeuma watoto. Sifa hiyo inakufuata mpaka kaburini na kuwasumbua wanao. Lakini angelitaja jino, Orval angeuliza lilikatikaje, na Verlin angelazimika kulitamka jina la Royce mbele ya mtu. Hakuweza. Basi aliishika bastola mwenyewe, akavuta nyundo, na pale mlio wa kwanza ulipopaswa kulia, akakohoa. Ta, ta, ta ikafuata. Orval Munsey alimtazama, akahesabu pesa akamlipa. Kijana wa miaka ishirini akatoka dukani karibu mbio.

Tangu siku hiyo hakukanyaga Sandrock. Miaka hamsini na moja! Waya wa uzio alinunua kwingine, matairi kwingine, na wakienda kwa dada wa mkewe, Darlene, walipita barabara ya vumbi iliyozungukia mbali.

"Watu wanazunguka milima," mkewe alikuwa akisema. "Sisi tunazunguka mji wenye taa moja ya barabarani."

"Njia hii ina mandhari," Verlin alimjibu. Mandhari yenyewe yalikuwa nyasi.

Siri hiyo ndiyo iliyomharibia msako, alioanza zamani kabla masikio hayajadhoofika. Kwa miaka kumi na tano alikwenda kwenye kila maonyesho ya bunduki, kutoka Miles City mpaka Rapid City, akitafuta bastola ya kuchukua nafasi ya ile, inayolia mara tatu. Aliwaeleza wauzaji urefu wa mtutu, rangi ya mpini, mwaka wa kutengenezwa. Jino hakulitaja hata mara moja. Alichukua, akafumba macho, akavuta nyundo, akarudisha mezani. Wauzaji walimbandika jina, Bwana Sikio, na hakuna aliyejua anasikiliza nini.

Oktoba ile, katika ukumbi wa maonyesho ya ng'ombe ambao bado ulinuka ng'ombe, muuzaji mmoja mwenye tumbo alimwona kwa mbali.

"Kimya jamani! Bwana Sikio kaingia, msije mkatafuna kwa sauti."

"Tafuna tu, Duane," Verlin alisema. "Sijawahi kukuona umefunga mdomo."

"Njoo uone hii kwanza, ndipo unitukane."

Verlin aliiona akasimama. Mti ule wa jozi, kupauka kulekule, hata kibonyeo upande wa kushoto wa mpini, mahali ambapo kidole cha Royce kilipenda kukaa. Duane alikata kamba ya plastiki iliyofunga nyundo. Mwanga wa ukumbini ulikuwa wa manjano, umejaa vumbi la majani, na kwa kitambo Verlin hakuwa na hakika kama yuko macho. Alifumba macho, akavuta.

Ta, ta, ta, ta. Minne. Nzima kabisa, nzuri kabisa, ya mtu mwingine.

Aliinunua hivyohivyo, maana kila kitu kingine kilikuwa kama cha ile ya zamani. Njiani aliiweka kwenye kiti cha pembeni, na mara mbili akajikuta anaizungumzisha.

Darlene alikuta bastola juu ya meza ya jikoni na mumewe mbele yake, amekaa kama mtu aliyeletewa barua ya serikali.

"Si ndiyo hii?" aliuliza. "Miaka kumi na tano unanichosha nayo. Sasa uso huo wa nini?"

"Ina milio minne."

"Zote zina milio minne, Verlin. Hata mimi nalijua hilo, na mimi ni mtoto wa muuza viatu."

Hapo alimwambia. Alimwambia la mwamba na kidevu cha Royce, la Bibi Thora na kahawa, na mwisho la kikohozi dukani kwa Orval. Walikuwa wameoana miaka arobaini na sita, na Darlene hakuwahi kulisikia lolote kati ya hayo zaidi ya kwamba alikuwa na kaka aliyekufa kwenye barafu. Alivuta kiti akakaa karibu naye. Alilia kidogo, kisha akajipangusa kwa kitambaa cha vyombo.

"Yaani tunakula vumbi miaka yote hii kwa sababu ulikohoa?"

"Ndiyo."

"Basi twende Sandrock kesho."

"Orval kafa zamani."

"Mkewe hajafa. Ndiye aliyekuwa anashika tupa baada ya macho ya mzee kwisha, kila mtu anajua. Wewe hujui kwa sababu ulikuwa unaangalia mandhari."

Asubuhi Darlene aliendesha, pai ya matofaa imelala mapajani mwa Verlin, bado ya moto. Ukungu ulikuwa umekaa chini kwenye mabonde, na vilima vilielea juu yake bila miguu. Verlin aliitazama barabara asiyoijua tena. Akafikiri kwamba pengine Royce yumo ndani ya ukungu ule, anatembea sambamba na gari, wala hana haraka.

Bi Lavonne Munsey alikuwa na miaka themanini na minane, na kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye paji la uso. Alifungua mlango nusu.

"Duka lilifungwa Orval alipokufa," alisema. "Lakini sioni sababu ya kuifungia pai. Ingieni."

Verlin hakukaa. Alivua kofia akasimama katikati ya sebule. "Bi Lavonne, mwaka sabini na mbili nilimuuzia mumeo bastola mbovu. Jino la kwanza la nyundo lilikuwa limekatika. Nilijua, na sikumwambia."

Bibi alimtazama kwa macho, kisha kwa kioo.

"Kohoa," alisema.

"Nini?"

"Kohoa, nikusikie."

Verlin akakohoa. Bi Lavonne alicheka mpaka akashika meza, visahani vikagongana. "Ni wewe! Mungu wangu, ni wewe! Orval alikuwa kila mtu akikohoa kanisani ananifinya. Kila Jumapili! Nina paja jeusi mpaka leo kwa ajili yako."

"Kumbe alijua?"

"Mtu amesikiliza nyundo tangu ana miaka kumi na miwili, halafu wewe uje umfunike kwa kikohozi? Alijua kabla hujafunga mdomo. Alijua pia mmetoka msibani. Akasema, huyu mwache, atarudi mwenyewe nimkaripie. Tukangoja. Alipokuwa anakufa akaniachia mimi hiyo kazi." Akajiweka sawa kitini, akanyoosha kidole. "Ungeweza kuua mtu, mshenzi wewe."

"Najua, mama."

"Haya. Nimemaliza. Kaa ule pai."

Verlin alikaa, akapokea kisahani chake. Aibu aliyoibeba nusu karne ilikuwa imetolewa mbele ya watu, na kumbe ilikuwa kichekesho cha kanisani. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema. Yeye kicheko ndicho kilichomfichua, na alishukuru.

"Bastola yenyewe usiitafute," Bi Lavonne aliendelea. "Orval aliibadilisha nyundo jioni ileile, akamuuzia mtu aliyekuwa anahamia Alaska. Lakini nyundo ya zamani ni kitu kingine. Mume wangu hakuwahi kutupa chuma, nimelala na vyuma mpaka chini ya kitanda."

Chumba cha nyuma kilikuwa na rafu tatu za makopo ya kahawa. Bibi alipitisha mkono juu yake bila kusoma, akateremsha moja, akalimwaga juu ya kitambaa. Skrubu, springi, vijichuma vya kila namna, na katikati yake nyundo moja iliyofungwa kikaratasi kwa waya. Penseli ilikuwa imefifia, lakini Verlin alisoma: *Kikohozi. Usitumie.*

Aliishika kiganjani. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyokumbuka. Pale jino lilipokatika palikuwa pamelainika, na chini ya kioo cha Bi Lavonne palimeta kidogo. Siku ile nzima ilikuwa mle: mwamba, wingu, kidevu, kicheko cha baadaye. Kaka yake alikuwa amekaa ndani ya kopo la kahawa mwendo wa saa moja kutoka nyumbani.

"Naomba uiingize kwenye hii," alisema, akatoa ile bastola mpya.

Bibi alikunja uso. "Unataka nitoe nyundo nzima niweke iliyokufa? Orval ataniona. Hiyo siyo kazi, ni kinyume cha kazi."

"Nina mwaka mmoja wa kusikia, mama. Labda miwili."

Akamweleza. Alilitamka jina la Royce pale mbele ya mtu, mara ya kwanza, mara ya pili, na lilipofika mara ya tatu halikuwa zito tena, lilikuwa jina la mtu. Bi Lavonne alisikiliza huku akizungusha nyundo vidoleni.

"Ngapi ndani ya silinda?" aliuliza mwishoni.

"Tano."

"Sikusikia."

"Tano, mama. Bibi yangu alisema sita ni ya wajinga na marehemu."

"Bibi yako alikuwa na akili, wewe hukumrithi. Na siku ukifa, nyundo nzima inarudi mahali pake kabla mtu mwingine hajaishika." Akamtazama Darlene. "Utasimamia?"

"Nitasimamia," Darlene alisema. "Kabla hata sijachagua jeneza."

Kazi ilichukua muda wa kula pai nusu. Bibi alipiga tupa kidogo, akajaribu, akapiga tena, akinung'unika na Orval kama vile yuko chumba cha pili. Kisha akampa Verlin bastola tupu bila kuivuta nyundo mwenyewe. "Katafute mahali pako," alisema.

Nyuma ya nyumba nyasi zilifika magotini, zimekauka rangi ya asali, na ukungu ulikuwa unatawanyika polepole. Verlin alitembea mpaka nyumba ikawa nyuma yake. Upepo ulinguruma ndani ya vile vifaa vya masikio kama lori linalopanda mlima, mpaka akaona haiwezekani. Akavitoa akavitia mfukoni. Dunia ikanyamaza mara moja, kama kwenye ndoto. Akavuta nyundo.

Hakusikia kitu.

Alisimama pale na moyo ukamshuka mpaka kwenye buti. Amechelewa. Miaka kumi na tano ya maonyesho na hamsini ya aibu, na amechelewa kwa miezi michache. Aliirudisha nyundo taratibu, na kwa kuwa hakujua la kufanya, akaivuta tena, polepole zaidi, kama Royce alivyokuwa akivuta.

Kidole gumba kiliteleza. Pale mwanzoni, mahali pa kugota, hapakuwa na kitu, kama mguu unaotafuta ngazi gizani na kukuta imekwisha. Kidole kikapita katika nafasi ile, na baada yake kikagota mara moja, mara mbili, mara tatu, ndani kabisa kwenye mfupa. Verlin alirudia. Nafasi, kisha tatu. Alirudia tena. Kumbe kile alichoogopa kukipoteza hakikuwahi kuwa sauti. Palikuwa ni mahali pasipo na sauti, na mtu kiziwi hawezi kunyang'anywa hapo.

"Hapo," alisema kwa nguvu, akiinua kidole cha mkono wa pili. "Hapo ndipo hukufa."

Akacheka, peke yake kwenye nyasi, kwa kicheko asichokisikia. Alipogeuka, Darlene alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma na uma wa pai mkononi, midomo yake inauliza kitu. Masikio ya Verlin yalikuwa mfukoni, lakini alijua anaulizwa nini.

"Nimesikia," alimjibu, na akavuta nyundo mara moja zaidi.